Pembetatu Haiwashi Taa

Msomaji, fungua daftari lako la fizikia. Hapana shaka utakuta humo, mahali fulani, pembetatu iliyogawanywa vyumba vitatu: herufi V imekaa juu, na herufi I na R zimekaa chini bega kwa bega. Ulifundishwa kufunika kwa kidole herufi unayoitafuta, na zile mbili zilizobaki zikuambie la kufanya, ama kuzidisha ama kugawanya. Ukaambiwa kwamba hiyo ndiyo kanuni ya Ohm. Mimi nasema siyo. Nasema pembetatu hiyo ni mkongojo aliopewa mtu mwenye miguu mizima, naye ameuzoea hata amesahau kwenda.

Sisemi haya kwa kuwadharau walimu, wala kwa kujiona mjuzi. Mimi nami niliishika pembetatu hiyo kama hirizi. Siku moja, hapa Mundika, nilirudi nyumbani na karatasi ya jaribio yenye alama zote. Jioni ile ile jirani mmoja, fundi wa cherehani, akaniuliza kwa nini pasi yake haipati moto kama zamani tangu alipohamishia kazi kwenye kibanda chake cha mbali na nyumba. Alisema, "Wewe ndiye msomi wetu, hebu tueleze." Nilisimama mbele yake nimeduwaa. Kidole kilikuwa tayari, lakini sikuona cha kufunika.

Tuanze na jambo lenyewe. Katika kila mzunguko wa umeme mna mambo matatu, walakini hayalingani daraja. Betri au mtambo huleta volteji, yaani tofauti ya msukumo kati ya mahali pawili. Waya, globu na pasi huleta ukinzani, yaani ugumu wa njia. Kutokana na hayo mawili huzaliwa la tatu, nalo ni mkondo, yaani wingi wa umeme upitao kwa kila sekunde. Volteji na ukinzani ni wazazi. Mkondo ni mtoto wao. Volteji hupimwa kwa volti, ukinzani kwa omu, na mkondo kwa ampea. Volti 12 zikisukuma penye ukinzani wa omu 6, hupita ampea 2. Uongeze ukinzani uwe omu 12, hupita ampea 1 tu. Kanuni yote ni hiyo, na mtoto wa darasa la sita aweza kuielewa.

Pembetatu huuficha udugu huu. Humpa mzazi na mtoto umri mmoja. Mwulize mwanafunzi aliyelelewa nayo: "Volteji ikizidishwa mara mbili, ukinzani wa waya utakuwaje?" Atafunika R, ataona V juu ya I, naye atajibu upesi kwamba ukinzani utazidi mara mbili. Amekosa. Waya haujui umefungwa kwenye betri gani. Ukinzani wake umetokana na urefu wake, unene wake, madini yake na joto lake, basi. Volteji ikizidi mara mbili, mkondo nao huzidi mara mbili, na ukinzani hukaa pale pale ulipokuwa. Hesabu ya pembetatu haikusema uongo. Ilinyamaza tu mahali ilipopasa kusema.

Mwulize tena yule yule kuhusu chaja ya simu. Utamsikia akionya kwamba chaja iliyoandikwa ampea 2 itaiunguza simu iliyokuja na chaja ya ampea 1, maadamu zote ni za volti 5. Anadhani chaja husukuma ampea zake ndani ya simu kama mtu ashindiliaye mahindi gunia. Kumbe ile namba ni ukomo wa uwezo wa chaja; kiasi kipitacho huamuliwa na simu yenyewe. Pipa kubwa la maji halizamishi kikombe, ila bomba likiachwa wazi. Woga huu si wa mjinga asiyesoma. Nimeusikia kwa watu wenye vyeti.

Laiti makosa haya yangeishia kwenye simu, nisingechukua kalamu. Nenda Malaba, au Busia mjini, mahali madereva wa malori wangojapo zamu ya kuvuka kwenda Uganda, ukawachokoze kwa swali hili: ni volti ziuazo au ni ampea? Utaanzisha mabishano yasiyokwisha hadi jioni. Mmoja atasema, "Ndugu yangu, volti ndizo muuaji, ndiyo maana kwenye mashine huandikwa volti na fuvu la kichwa." Mwingine atacheka na kusema volti ni kelele tu, ampea ndizo zenye meno. Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli kwa mkia.

Huyu wa volti na atazame anapovua fulana ya nailoni gizani. Zile cheche ndogo zinazolia ni za maelfu ya volti, na hakuna aliyezikwa kwa ajili yake, kwa sababu umeme uliomo ni kidogo mno na hukoma kabla ya kufumba jicho. Huyu wa ampea naye na atazame betri za lori lake, ambazo kwa pamoja ni volti 24. Wakati wa kuwasha injini hutoa mamia ya ampea. Spana ikiangukia ncha zake mbili huwaka nyekundu. Hata hivyo dereva huzishika ncha hizo kwa mikono mikavu bila kuhisi kitu. Mamia ya ampea yamekwenda wapi? Hayakwenda popote, kwa kuwa hayakuwako. Ngozi kavu yaweza kuwa na ukinzani wa omu 100,000 hivi. Gawanya volti 24 kwa omu 100,000, utapata ampea 0.00024, nazo hata siafu hawezi kuzijali.

Sasa chukua umeme wa nyumbani, ambao Kenya ni volti 240, na chukua mtu aliyetoka kuoga, au anayefua, miguu yake peku sakafuni penye maji. Ukinzani wa mwili wake waweza kushuka hadi omu 1,000. Gawanya 240 kwa 1,000: ampea 0.24. Ampea 0.1 peke yake ikipita kifuani yatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Ndivyo ilivyo, msomaji: mkondo ndio uuao, lakini mkondo hauzaliwi bila wazazi wawili. Betri ya lori ilikuwa na uwezo wa kutoa mkondo mkubwa, ila msukumo ulikuwa mdogo na njia ilikuwa ngumu. Soketi ya ukutani ina msukumo mkubwa, na maji yameilainisha njia. Tena asije mtu akategemea mikono mikavu kuwa ndiyo ngao yake mbele ya volti 240, maana ngozi yenyewe hushindwa chini ya msukumo huo, na ukinzani wake huporomoka. Mwenye kubishana volti au ampea ni sawa na mwenye kuuliza kama mtoto ni wa mama au wa baba.

Naona sasa wazi kosa langu mbele ya yule fundi. Pasi yake ilikuwa ya wati 1,200, basi ukinzani wake ni omu 48. Kibanda kilikuwa mita mia moja kutoka nyumbani, na umeme ulifikishwa huko kwa waya mwembamba wa taa, tena uliounganishwa vipande vipande kwa kusokotwa na mkono. Tuseme nyaya hizo, kwenda na kurudi, zilikuwa na omu 8. Umeme hauoni pasi peke yake. Huona njia nzima, omu 56. Gawanya 240 kwa 56, mkondo ni ampea 4.3 hivi. Katika volti 240, volti 34 huliwa njiani, na pasi hubakiwa na 206. Kwa hiyo badala ya wati 1,200, pasi hupata wati 882. Fundi alilaumu pasi, kisha akalaumu kampuni ya umeme kwamba stima ya hapa ni dhaifu, kumbe mwizi alikuwa amejinyoosha kutoka dirishani hadi kibandani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemtandika.

Na mwizi huyo si wa kuchekwa. Wati 147 zilizoliwa na nyaya hazikupotea hewani; ziligeuka joto. Zikitandazwa katika urefu wote, hazina neno. Lakini wazia kiungo kimoja kilicholegea, chenye omu 2 peke yake: hapo hutoka wati 37 hivi, mahali padogo kuliko kifundo cha kidole, chini ya utepe wa plastiki, juu ya boriti kavu. Basi huyo msomi wa kijiji aliyeduwaa kwa pembetatu yake hakukosa kumsaidia jirani katika pasi tu.

Kuna na fyuzi. Ndani ya plagi hukaa kipande kidogo kilichoandikwa ampea 13. Ni waya mwembamba uliowekwa hapo kwa kusudi moja tu, kuyeyuka kabla ya waya mwingine. Ikiungua, wako watu huifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au huweka msumari, na taa ikiwaka husifiwa kwa werevu. Nyaya mbili za pasi zikigusana, ukinzani wa njia nzima waweza kushuka hadi nusu ya omu. Volti 240 kwa nusu ya omu ni ampea 480. Msumari utaubeba mkondo huo pasipo kutetemeka. Waya wa ukutani hautaweza.

Hapa mwenye pembetatu atanikatiza: "Hesabu zote ulizofanya ndizo zile zile za pembetatu!" Ni kweli, kugawanya ni kugawanya. Lakini pembetatu haikuniambia kwamba ukinzani wa kutia hesabuni ni wa njia nzima, wala haikuniambia volti 240 ni kati ya wapi na wapi. Na hilo la pili ndilo kubwa kuliko yote. Volteji haikai mahali pamoja. Siku zote ni kati ya mahali pawili. Mtu asemaye "waya huu una volti" bila kusema kati yake na nini, hajasema kitu.

Mtazame kunguru atuaye juu ya waya wa umeme kando ya barabara yetu iendayo Busia. Hafi. Miguu yake yote miwili imekanyaga waya mmoja, na kati ya mguu na mguu pana sentimita chache za waya mnene. Tuseme waya huo una omu 0.2 kwa kila kilomita na unapitisha ampea 100. Katika sentimita 5 volteji ni volti 0.001. Hiyo ndiyo volteji yote aijuayo kunguru. Lakini kijana asimamaye ardhini na kuangua maembe kwa mti mbichi mrefu, mti ule ukagusa waya huo huo, amejiweka kati ya waya na ardhi, na hapo kuna maelfu ya volti.

Nipe nafasi sasa nikuoneshe mahali pembetatu inapovunjika kabisa, na mahali penyewe si mbali nasi. Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale. Mwaka 1958 umeme wa Jinja ukaanza kwenda hadi Nairobi, kwa nyaya zipitazo Tororo, jirani yake Malaba, kwa volteji ya volti 132,000. Kwa nini volti nyingi kiasi hicho, ilhali mwenye nyumba wa Nairobi anataka 240 tu?

Mwanafunzi wa pembetatu hujibu kwamba volti zilizidishwa ili kusukuma mkondo mkubwa. Wahandisi wanamwambia kinyume: zilizidishwa ili mkondo uwe mdogo. Naye hukwama hapo, maana pembetatu yake imemwapia kwamba V ikipanda, I hupanda. Nani mwongo?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unataka kupeleka wati milioni 30. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Kwa volti 240 ungehitaji mkondo wa ampea 125,000. Kwa volti 132,000 wahitaji ampea 227 hivi. (Nyaya halisi hufanya kazi tatu kwa pamoja, na hesabu yake ina kipande cha zaidi. Nakiacha, kwa kuwa hakigeuzi hoja.) Tuseme tena kwamba nyaya, kwenda na kurudi, zina omu 10 tu. Ukiziwekea volti 240, hata uziunganishe ncha na ncha kule mwisho pasipo kitu kati yake, hazitapitisha zaidi ya ampea 24. Hizo ni wati 5,760, nazo zote zingeungulia njiani. Nairobi isingeona hata mwanga wa kibatari. Kwa volti 132,000, mkondo wa ampea 227 hupoteza volti 2,270 njiani, na zaidi ya volti 129,000 hufika, zikashushwa na transfoma.

Watazame basi hao wanaodhaniwa kugombana. Volti 132,000 ni kati ya waya na mwenzake. Volti 2,270 ni kati ya mwanzo wa njia na mwisho wake. Kanuni ya Ohm ikiulizwa habari za waya hujibu kwa volti 2,270 na omu 10, nayo ni kweli tupu: ampea 227. Hakuna aliyesema uongo. Aliyekosa ni yule aliyetia katika chumba cha juu cha pembetatu volti za mahali pengine, na pembetatu haikumzuia, maana pembetatu hupokea namba yoyote kama mlango usio na bawabu.

Kosa la mwisho nitakalolitaja ni lile la kudhani mkondo huliwa njiani. Wafunge globu mbili zinazofanana kwa mfululizo, na wengi watasema ya kwanza itang'aa kuliko ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kula. Sisi wa mpakani tusingepaswa kukosa hili. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa virusi vya korona mpakani, foleni za malori Malaba na Busia zilirefuka kilomita nyingi. Penye wembamba palikuwa mahali pamoja tu, lakini dereva aliyekuwa mbali nyuma alikwenda kwa mwendo ule ule wa dereva aliyekaribia lango. Idadi ya malori yapitayo kwa saa ilikuwa moja njia nzima. Vivyo hivyo mkondo katika mfululizo: ukinzani wa mahali popote huupunguza mahali pote, na globu zote mbili hung'aa sawa. Kinachogawanywa kati yao ni volti.

Huyo Ohm mwenyewe hakuanza na pembetatu. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Cologne, Ujerumani. Alichukua nyaya za urefu mbalimbali, akazifunga moja baada ya nyingine, akatazama sindano ya sumaku ilivyogeuka. Betri za siku zile zilidhoofika kazi ikiendelea na kumharibia vipimo. Ndipo akaziacha, akatumia shaba na bismathi zilizounganishwa, kiungo kimoja katika maji yachemkayo na kingine katika barafu, kwa kuwa msukumo wake hautikisiki. Alichapisha kitabu chake mwaka 1827. Kilipokewa kwa ubaridi na akaacha kazi yake. Heshima kubwa ilimjia mwaka 1841, Waingereza walipompa nishani ya Copley. Alijua pia, kuliko wengi wanaomtaja, kwamba joto la waya lazima litazamwe. Globu ya zamani yenye uzi wa chuma, ikiwa baridi, ukinzani wake ni mdogo mara kumi na zaidi kuliko inapowaka. Na taa za kisasa za LED haziifuati kanuni hii kwa unyofu wake.

Najua utaniambia mtihani una saa zake, na kidole ni chepesi kuliko fikira. Haya, nisikufunge kwa maneno. Tafuta mawe matatu ya tochi, ya volti 1.5 kila moja, na globu tatu ndogo za uzi zinazofanana. Yafunge mawe kwa mfululizo upate volti 4.5. Globu ya kwanza iweke peke yake njiani; baada yake, ya pili na ya tatu zifunge sambamba, ubavu kwa ubavu, ili mkondo ugawanyike kati yao na kukutana tena. Zote zikiisha kuwaka, usiguse kitu. Chukua karatasi, uandike kwa wino: nikiifungua ile ya tatu, hizi mbili zitafanyaje?

Nimewaona werevu wakiandika kwamba zote mbili zitang'aa zaidi, kwa kuwa mlaji mmoja ameondoka. Wengine huandika kwamba zote zitafifia. Ifungue sasa. Ya kwanza itafifia, na ya pili itazidi kung'aa. Hapo awali ya kwanza ilikuwa na volti 3 hivi, na zile za sambamba 1.5, kwa kuondoka ile ya tatu, njia ya sambamba imekuwa ngumu zaidi, mkondo wa njia nzima umepungua, na volti zimegawanywa upya, 2.25 kwa 2.25. Ukiona hivyo, irudishe globu ya tatu mahali pake, kisha ifungue ya kwanza.